Mashine ya kulisha samaki: bora ikosee kwa kuwapunja

Mtu akiniuliza anunue mashine gani ya kulisha samaki wa tangini, mimi humrudishia swali: siku ikiharibika, itaharibikia upande upi? Itaacha kutoa chakula, au itamwaga chote kwa mkupuo? Matangazo ya mashine hizi hayaligusi jambo hilo. Yanasifia skrini, kuunganishwa na simu na idadi ya milo kwa siku. Kwangu hayo yote yanakuja baadaye. Naamini mashine inayofaa ni ile ambayo ikikosea, inawapunja samaki.

Najua kauli hiyo inawakera wengi. Samaki anapopanda juu huku kinywa kikifunguka na kufumba, tena dakika chache tu baada ya kula, ni vigumu kuamini kwamba hana njaa. Lakini mwili wa samaki hufuata joto la maji anamoishi. Hachomi chakula ili ajipashe joto kama tufanyavyo sisi au paka, kwa hiyo mahitaji yake ni madogo sana. Samaki mzima mwenye afya, katika tangi lililokomaa (ambalo bakteria wa filta wameshajijenga), hukaa siku 3 au 4 bila kula na asipate dhara, na wengi wa wale tunaowafuga majumbani huvuka hata wiki.

Chakula kikizidi, mambo ni tofauti kabisa. Kinazama, kinaingia nyuma ya mawe na katikati ya mizizi ya mimea, kinaanza kuoza. Kuoza huko kunatoa amonia na kunamaliza oksijeni ya maji. Bakteria wa kwenye filta hugeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti ambayo haina ukali huo, ila idadi yao imejijenga kulingana na uchafu wa kila siku. Ukiwashushia mzigo wa wiki nzima kwa usiku mmoja, hawauwezi. Amonia inaunguza matamvua. Naitraiti inaingia kwenye damu na kuizuia isibebe oksijeni. Maji yakiwa ya moto na pH yake, yaani kipimo cha uasidi, ikiwa juu, amonia ile ile inazidi kuwa sumu. Na haya yote yanatokea mwenye tangi akiwa hayupo, maana ndiyo sababu ya kununua mashine.

Tukishakubaliana hapo, kuchagua kunakuwa rahisi zaidi.

Mashine zilizo nyingi ni za pipa. Kuna kipipa kidogo chenye dirisha linalosogezwa; saa ikifika kinazunguka mara moja au mbili na chakula kinadondoka dirishani. Ni nafuu na zinaeleweka haraka. Tatizo lake ni kwamba kipimo kinategemea mambo mengi: upana wa dirisha, umbo la chakula, na zaidi ya yote, kiasi kilichobaki ndani. Pipa likijaa linatoa kingi, likielekea kuisha linatoa punje mbili tatu. Anayelipima likiwa na chakula kidogo, kisha akalijaza pomoni siku ya safari, anawaachia samaki kipimo kingine kabisa. Halafu dirisha lenyewe, kwenye mashine nyingi, limeshikiliwa na msuguano wa plastiki tu. Likiguswa na kifuniko cha tangi wakati wa kufunga, linaweza kupanuka na mtu asijue.

Za sahani yenye vyumba ndizo ninazozipenda kwa safari. Unajaza kila chumba mwenyewe, kwa mkono, na sahani inasogea hatua moja kwa kila mlo. Fish Mate F14, kwa mfano, ina vyumba 14: mlo mmoja kwa siku unakupa wiki mbili, milo miwili wiki moja. Uzuri wake ni kwamba kila mlo umeuona kwa macho yako kabla ya kuondoka. Sahani ikikwama, samaki wanafunga, basi. Wanaozilalamikia husema kujaza vyumba vyote hivyo kunachosha. Ni kweli kunachukua muda. Muda huo ndio hasa unaolinda tangi, na sioni sababu ya kuuonea uchungu.

Zipo pia za parafujo, ambapo skrubu ndefu inasukuma punje kuelekea kwenye mdomo. Zinafaa peleti ngumu na mabwawa makubwa. Ukizitilia chakula cha vipande vyembamba, vinasagika kuwa vumbi, na vumbi hilo samaki hawalili, linachafua maji tu.

Unyevu ndio adui ninayemhofia kuliko yote. Mashine inakaa juu ya maji yenye uvuguvugu, mvuke unapanda mchana na usiku, na mapovu ya pampu ya hewa yanarusha matone madogo yasiyoonekana vizuri. Siku za mwanzo huoni kitu. Baadaye ukipitisha kidole kwenye mdomo wa mashine unakuta ukoko laini umeganda ukingoni, wa rangi ya chakula, unanata. Ukoko huo unakua. Vipande vyembamba vinashikana kuwa tonge, na tonge hilo ama linaziba njia, ama linaachia siku moja na kuanguka lote. Ndiyo maana ninashauri peleti ndogo au chembechembe badala ya vipande vyembamba, kila inapowezekana. Sogeza jiwe la hewa, lile linalotoa mapovu, upande mwingine wa tangi. Tundu la kwenye kifuniko lisizidi mdomo wa mashine. Futa mdomo huo kwa kitambaa kikavu kila unapopita, na chakula kilichokwishalowa usikirudishe: kinaota ukungu, mafuta yake yanachacha, vitamini zake zinapotea. Kampuni ya Eheim ya Ujerumani inatengeneza mashine yenye feni ndogo inayopitisha hewa ndani ya pipa, na aina nyingine zina tundu la kuunganisha mrija wa pampu ya hewa kwa kazi hiyo hiyo. Kama nina pesa ya kuongeza, ninaiweka hapo kabla sijafikiria mambo ya simu.

Kuhusu simu nitasema machache. Mashine inayoendeshwa kupitia intaneti ni nzuri ikiwa ratiba imehifadhiwa ndani ya mashine yenyewe, ili mtandao ukikatika milo iendelee. Kitufe cha kulisha kutoka mbali sikipendi. Nyumba yenye watu watatu waliopakua programu hiyo ni nyumba ambayo samaki watalishwa mara tatu, kila mmoja akidhani ndiye aliyekumbuka. Kamera ndogo inayokuonyesha tangi inasaidia zaidi kuliko kitufe.

Umeme nao una lake. Mashine ya kuchomeka ukutani inaweza kupoteza saa umeme ukikatika, na baadhi huzunguka pindi tu umeme unaporudi. Kabla hujaiamini, ichomoe, iache kidogo, ichomeke tena uone inafanya nini. Ya betri haina shida hiyo, mradi uweke betri mpya kabla ya kusafiri, si zile zilizokaa kwenye rimoti miezi.

Sasa kipimo. Usipimie juu ya tangi. Weka mashine juu ya sahani nyeupe, iamuru itoe mlo, kisha hesabu punje au zipime kwa kijiko. Rudia mara kadhaa bila kubadilisha kitu. Utashangaa jinsi mlo mmoja unavyoweza kuwa nusu ya mwingine. Rudia tena pipa likiwa limejaa, na likiwa robo. Ule mlo mkubwa kabisa ulioupata ndio uuchukulie kuwa mlo wa kawaida, na huo ndio uulinganishe na kile ambacho samaki wako humaliza ndani ya dakika mbili. Ukizidi, punguza dirisha au punguza idadi ya milo. Kwa safari, mimi huwapa samaki wazima karibu nusu ya kawaida yao.

Na hili ningependa lishikwe hata kama mengine yatasahauliwa: usijaze pipa. Tia chakula cha siku utakazokuwa nje tu, basi. Kama ni siku 7, tia cha siku 7. Hata mashine ikiamua kumwaga kila kitu siku ya kwanza, kuna mpaka wa madhara. Ikiwa una pipa la kulisha miezi miwili na umelijaza, mpaka huo umeuondoa mwenyewe.

Je, mashine itumike hata mtu akiwa nyumbani? Nasema ndiyo, hasa kwa mlo wa asubuhi, kwa sababu hapo ndipo unapoijua tabia yake ukiwa karibu. Ila mlo mmoja kwa siku ubaki wa mkono wako. Samaki anayetema punje, anayechelewa kuja wakati wenzake wamefika, aliyebana mapezi, anayening'iniza kinyesi cheupe chembamba kama uzi: haya yanaonekana wakati wa kula kuliko wakati mwingine wowote, na mashine haitakwambia hata moja.

Si kila samaki anafaa kulishwa hivi. Betta mmoja, samaki mdogo anayefugwa peke yake, anahitaji punje chache mno, na mapipa mengi hayawezi kutoa kiasi kidogo namna hiyo. Kwake tumia sahani ya vyumba, au kwa safari ya siku tatu usitumie chochote. Samaki wa dhahabu hawana tumbo la kuhifadhi chakula kama samaki wengine, kwa hiyo milo midogo iliyotawanywa inawafaa, na hapo mashine ina kazi ya maana. Vifaranga ndio wanaofaidika zaidi, kwa kuwa wanahitaji kula mara nyingi kwa siku na hakuna mwajiri anayeruhusu ratiba hiyo. Kambale na wengine wanaotoka usiku wapangie mlo baada ya taa kuzimwa, wasije wakanyang'anywa. Wanaokula nyama iliyogandishwa au viumbe hai, waachie mtu.

Mtu huyo, awe jirani au ndugu, mwekee chakula kwenye vifurushi vidogo, kila kimoja kimeandikwa siku yake, na chupa yenyewe uifungie kabatini. Nia yake ni njema, na ni nia hiyo njema itakayomfanya aongeze kidogo.

Ukirudi, usikimbilie kuwalisha. Hesabu samaki, angalia kipimajoto, pima amonia. Kisha fungua mashine upime kilichobaki. Kama ulitia gramu 10 na ulitarajia zibaki 3 lakini zimebaki 8, mashine ilikwama na kipimo chake kianze upya. Kama kilipaswa kubaki na hakijabaki kitu, pima amonia tena kesho yake, na uwe na ndoo ya kubadilishia maji karibu.