Michoro Mashuhuri Ikizaliwa Upya kwa Taka na Lego
Mwaka 2008, msanii wa Brazili Vik Muniz alimketisha kiongozi wa wakusanyaji taka ndani ya bafu lililotupwa kwenye dampo la Jardim Gramacho, karibu na Rio de Janeiro. Akampiga picha akiwa amelala kama Marat, mwanamapinduzi wa Ufaransa aliyechomwa kisu akiwa bafuni, katika mchoro wa Mfaransa Jacques-Louis David wa 1793. Picha hiyo ikamulikwa kwenye sakafu ya ghala, na wakusanyaji wenyewe wakaijaza kwa taka za dampo. Muniz akaipiga tena kutoka juu. Picha hiyo iliuzwa mnadani London, fedha zikaenda kwa chama chao.

Wapo wanaoziona kazi za aina hii kuwa njia ya mkato: mchoro umeshapendwa zamani, msanii wa leo anabadilisha malighafi tu na kuvuna mshangao. Wana hoja. Nyingi huisha utamu pale mtazamaji anapogundua zimetengenezwa kwa malighafi gani.

Ya Muniz haiko hivyo. Marat alikuwa mhariri wa gazeti lililoitwa Rafiki wa Watu. Aliyekaa mahali pake anapigania watu wanaoishi kwa taka, na taka hizo ndizo zilizomchora. Ukiondoa taka, au ukiondoa Marat, kazi yote inaanguka. Hicho ndicho kipimo changu.

Msanii wa China Ai Weiwei naye aliurudia mchoro wa mayungiyungi bwawani wa Mfaransa Monet kwa vipande takriban 650,000 vya Lego, matofali madogo ya plastiki ya kuchezea, kazi yenye urefu wa zaidi ya mita 15, iliyoonyeshwa London mwaka 2023. Hasara ipo, tena kubwa: mkono wa Monet, ule mpigo wa brashi unaotetemeka, umegeuka plastiki ya kiwandani. Lakini upande mmoja kuna tundu jeusi ambalo Monet hakulichora. Ni mlango wa shimo la chini ya ardhi alimoishi Ai utotoni huko Xinjiang, magharibi mwa China, baba yake alipopelekwa uhamishoni. Uzuri wa bwawa lile hauwezi tena kutazamwa bila shimo hilo.

Linalonisumbua ni kwamba wanaorudiwa ni walewale wachache wa Ulaya, na kila wanaporudiwa, hata kwa kupingwa, wanazidi kutukuka. Msanii Mmarekani Mweusi Kehinde Wiley alipourudia mwaka 2005 mchoro wa David wa Napoleon akivuka milima ya Alps, na kumpandisha kijana Mweusi kwenye farasi wake, alimpa nafasi ambayo makumbusho makubwa yalikuwa yakiwanyima watu kama yeye. Ila ili tuione nafasi hiyo, bado tunalazimika kuanzia kwa David.