Kijumwa hakuwa mnakili tu

Makala niliyoisoma imempitia Muhamadi Kijumwa wa Lamu kwa mstari mmoja, eti "mnakili wa miswada", yaani mtu wa kunakili maandishi ya kale kwa mkono. Jamani, mzee yule alikuwa pia mshairi, mwanamuziki na fundi wa kuchonga milango! Tenzi alizomwandikia William Hichens, mtafiti wa mashairi ya Kiswahili, kwa hati za Kiarabu zimehifadhiwa katika chuo cha SOAS, London, mpaka leo, na mkono wake ni mzuri ajabu.

Kwetu, bibi aliacha kasha la tenzi zilizoandikwa kwa mkono. Tulipolifungua baada ya msiba, mchwa walishakula karibu zote. Zilibaki kurasa chache, wino mwekundu wa vituo, alama za kutenga vipande vya beti, ungali unang'aa. Nililia. Wenye karatasi kama hizo nawasihi, ziinueni kutoka sakafuni, na msizibandike selotepu hata zikichanika.