Msimwite Helen wa Wales

Kiwelisi kina neno "ferch", nasi tunalo lake hasa: binti. "Ap" ni bin. Basi Nest ferch Rhys ap Tewdwr ni Nest binti Rhys bin Tewdwr, nami nitamwita hivyo, maana lile jina alilobandikwa baadaye, "Helen wa Wales", linanikera. Eti kama yule Helen wa hadithi za Wagiriki, mrembo aliyewagombanisha wanaume. Mimi katika habari zake naona akili kwanza, uzuri baadaye sana.

Baba yake, mfalme wa Deheubarth kusini-magharibi mwa Wales, aliuawa karibu na Brecon mwaka 1093 na Wanormani, wale watu wa kaskazini mwa Ufaransa waliokuwa wameiteka Uingereza. Nest alikuwa bado mtoto. Ndugu yake Gruffydd alitoroshewa Ireland. Yeye akabaki mikononi mwa washindi. Alizaa mtoto wa kiume na Henry wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, bila ndoa. Akaozwa pia Gerald wa Windsor, msimamizi wa ngome ya Pembroke. Kwangu mimi, ndoa ile ilikuwa kama hati ya shamba: Mnormani amekalia ardhi ya watu, sasa ana binti wa mwenye ardhi ndani.

Gerald mwenyewe hakuwa bwege. Mwaka 1096 Wawelisi walipoizingira Pembroke na chakula kikawa kimeisha, aliwakatakata nguruwe wanne waliobaki akawarushia maadui nje ya ukuta, wadhani ghala limejaa. Hadithi hiyo kaisimulia mjukuu wake, Gerald wa Wales, na inarudiwa hadi leo.

Lakini mwaka 1109 mjanja huyo alipatikana usingizini. Owain bin Cadwgan, mwana wa mtawala wa Powys na jamaa wa damu wa Nest, alikuja usiku na watu wachache, wakachimba chini ya kizingiti, wakaingia na kuwasha moto. Gerald aliamka asijue la kufanya. Aliyejua ni mkewe. Tarikh ya Wawelisi inasema alimwambia asitoke mlangoni, maana huko ndiko wanakomngojea, bali amfuate yeye. Akampeleka chooni. Mwenye ngome akateremkia kwenye tundu la choo, akaokoka. Nest akabaki na wanawe, akawapigia wavamizi kelele kwamba mnayemtafuta hayupo, ameshaondoka.

Owain alimchukua yeye na watoto. Baadaye, akiwa mateka, Nest aliomba watoto warudishwe kwa baba yao, na wakarudishwa. Hapo tena hakuna upanga uliochomolewa, ni maneno tu.

Wapo wanaouliza kama alitekwa kweli au alimpenda Owain. Swali hilo linanichosha. Mbona hakuna anayeuliza kama Gerald alimpenda mke au alipenda ngome? Mtu ambaye baba kauawa, kaozwa kwa adui, kisha kabebwa na jamaa yake mwenyewe usiku nyumba ikiungua, atapimwaje kwa mizani ya mapenzi?

Gerald alisubiri miaka saba. Mwaka 1116 Owain alikuwa upande wa mfalme Henry, ametumwa kumwinda Gruffydd, yule yule ndugu yake Nest. Gerald alikuwa upande huo huo. Akamkuta njiani, akamuua.

Nest alizaa pia na Stephen, mkuu wa ngome ya Cardigan. Mtoto wao ni Robert FitzStephen, aliyetua Bannow, Ireland, mwaka 1169. Mwaka huo huo akafuatwa na Maurice FitzGerald. "Fitz" kwa Kifaransa cha Wanormani ni mwana wa, kwa hiyo ukisoma majina unaona baba wawili tofauti, basi. Diarmait, mfalme wa Leinster huko Ireland, aliyewaita, alikuwa amewaahidi mji wa Wexford wawe nao kwa pamoja. Aliwajua: ndugu wa tumbo moja.