Oili ya gari iachwe kwenye gari

Madereva wengi wa bodaboda hapa Moshi wakiingia duka la spea kununua oili huuliza mambo mawili: bei gani, na ile nzito ipo? Natamani kuwe na swali la kwanza kabla ya hayo: chupa hii imeandikwa JASO MA, alama ya kiwango cha oili ya pikipiki? Herufi hizo ndogo za nyuma ya chupa, kwa maoni yangu, ni muhimu kuliko jina kubwa la kampuni lililopo mbele.

Sababu iko ndani ya injini. Gari la gia la kawaida lina oili ya injini peke yake, oili ya gia boksi peke yake, na klachi yake inakaa pakavu. Boxer, TVS, SanLG na pikipiki nyingine nyingi za vijiweni hazina mgawanyo huo. Oili ileile inayolainisha pistoni ndiyo inayozunguka kwenye gia, na pleti za klachi zinaogelea humohumo. Sasa oili nyingi za kisasa za magari, hasa nyepesi kama 0W-20 na 5W-30, hutiwa dawa za kupunguza msuguano ili gari linywe mafuta kidogo. Kwa gari ni jambo jema. Klachi ya pikipiki inaishi kwa msuguano. Uondoe, pleti zinateleza. Ndiyo maana Wajapani walitoa kiwango cha JASO T 903 mwaka 1998: MA kwa pikipiki ambazo klachi yake imo ndani ya oili, MB kwa skuta zisizo na klachi ya aina hiyo. Baadaye, mwaka 2006, MA ikagawanywa kuwa MA1 na MA2, na MA2 ndiyo inayoshika zaidi.

Huku kwetu milima haifichi kitu. Pasua na Majengo ni tambarare, dereva anaweza kuzunguka kutwa asihisi lolote. Ngoja apakie abiria na gunia la pumba za ng'ombe, aanze kupanda Kibosho: anavuta resi, injini inalia juu, pikipiki haiendi. Nilisimama pembeni fundi akifungua klachi ya namna hiyo. Harufu ya kuungua ilitangulia. Pleti zikatoka nyeusi, uso wake umekuwa laini na kung'aa, na zile za chuma zina madoa ya bluu ya moto. Wenzake wa kijiweni walikuwa wameshamwambia dereva huyo abadilishe waya wa klachi!

Kuhusu uzito, 20W-50, ile nzito wanayoiulizia, si daraja la ubora. Namba iliyo na W inaeleza wepesi wa oili kukiwa na baridi, ya pili uzito wake injini ikishachemka. Boxer yenye injini ya kupozwa na upepo inaitaka hiyo 20W-50, na kwa joto letu la Januari na Februari inafaa kabisa. Lakini Honda ndogo nyingi zimeandikiwa 10W-30, na kuipa nzito kwa imani kwamba inalinda zaidi ni kuichelewesha oili kufika juu kwenye valvu asubuhi ya Julai. Kitabu cha pikipiki kisomwe, basi. Na oili kuwa nyeusi mapema si ushahidi kwamba ni feki. Nzuri huosha masizi na kuyabeba.

Ninachokipinga kwa nguvu zote ni oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa, inayouzwa ndani ya chupa ya maji. Haina maandishi, huwezi kujua ni ya lori au ni chafu iliyochujwa. Najua kwa nini inanunuliwa. Kijana wa mkataba anapeleka hesabu kila siku na oili anajinunulia, kwa hiyo anabana hapo. Wakati injini anayoiua ndiyo atakayokabidhiwa mkataba ukiisha. Mabosi, nunueni oili wenyewe, mpelekeeni ikiwa imefungwa. Bei yake haifikii hata nusu ya gharama ya kufanya ovaholi injini ikinoki.

Na wenye maduka ya spea, tunawaomba jambo moja: za pikipiki zipangeni rafu yake, za magari rafu yake.