Klipu peke yake haishiki paipu ya intakula

Kuna tabia imeota mizizi kwenye gereji zetu nami naipinga waziwazi. Mpira unaounganisha paipu za intakula, kile kipoza hewa inayosukumwa na tabo (mtambo unaoijaza injini hewa kwa presha), ukichomoka, fundi anachukua bisibisi na kukaza klipu zaidi. Ukichomoka tena, anaongeza klipu ya pili pembeni ya ile ya kwanza. Mara ya tatu inaletwa waya ya kufungia nondo. Mwenye gari anaondoka, anafika mlimani, anakanyaga mafuta, unasikika mshindo, gari linakosa nguvu na moshi mweusi unatanda nyuma. Hapo lawama zinaiendea klipu, kwamba za siku hizi feki, au tabo inahukumiwa kuwa imekufa na mtu anazunguka Gerezani, kwenye maduka ya spea Dar es Salaam, kutafuta nyingine ya mtumba huku yake ni nzima kabisa.

Wengi wanadharau kinachopita ndani ya paipu ile kwa sababu ni upepo tu. Chukua paipu yenye kipenyo cha milimita 63. Mdomo wake una eneo la sentimita mraba 31 hivi. Tabo ikijaza baa 1, ambayo kwenye geji ya tairi ni paundi 14.5, upepo unausukuma mdomo huo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 32. Paipu ya milimita 76, kwa presha ileile, inafika kilo 46. Ni kama kuning'iniza mfuko wa saruji kwenye chuma chenye uso laini kilichoshikwa na mpira, halafu kuutikisa kila unapokanyaga na kuachia mafuta. Kwenye kona ya paipu ndiko hatari ilipo zaidi, maana hapo upepo unasukuma paipu itoke ndani ya mpira.

Wenzetu wa Nairobi wana mzigo wa ziada. Mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa huko ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa karibu asilimia 18. Kama kompyuta ya gari inalenga presha kamili (inayohesabiwa kuanzia sifuri, si juu ya hewa ya nje) ndani ya manifoldi, yaani sehemu inayogawa hewa kwa silinda, tabo italazimika kufidia pengo hilo, na tofauti kati ya ndani na nje ya mpira itakuwa kubwa kuliko ilivyokuwa pwani. Muunganiko uliotulia Mombasa unaweza kuachia Nairobi bila mtu kugusa chochote.

Sasa, kinachozuia paipu isitoke ni nini hasa? Ni ukingo. Itazame paipu yoyote iliyotoka kiwandani: karibu na mdomo kuna mbinuko mdogo unaozunguka paipu yote, wa milimita moja au mbili tu. Mpira unavishwa mpaka uupite ukingo huo, kisha klipu inakaa nyuma yake, upande ambako paipu inaendelea. Paipu ikitaka kutoka, ukingo unagota kwenye klipu. Klipu ikikaa juu kabisa ya ukingo, upepo utavuja pembeni. Ikikaa mbele yake, kuelekea mdomoni, ukingo haufanyi kazi yoyote.

Tatizo linaanza pale paipu inapokatwa. Vijana wenye Toyota Mark II za injini ya tabo ya 1JZ-GTE wanahamishia intakula mbele ya rejeta, paipu zinakatwa kwa msumeno, zinachomelewa, na midomo inabaki laini kama ilivyotoka kwenye msumeno. Hapo hata klipu ya bei mbaya haitakuokoa. Aliye na mashine ya kukunja ukingo aitumie, lakini asiye nayo hana kisingizio: fundi wa kuchomelea kwa gesi ya agoni anaweza kuzungusha mkufu mwembamba wa vidoa vya kuchomelea kuzunguka mdomo, kisha ukapigwa tupa taratibu usiwe na ncha za kukata mpira. Ni kazi ndogo. Inanikera kuona paipu inang'arishwa mpaka unajiona kama kwenye kioo, halafu vidoa hivyo vinarukwa.

Baada ya ukingo, adui anayefuata ni oili. Mvuke wa oili kutoka ndani ya injini unarudishwa kwenye njia ya hewa kabla ya tabo, na tabo yenyewe ikichakaa inaongeza yake. Oili hiyo inatambaa mpaka kwenye miunganiko na kuifanya iteleze. Kwa hiyo mpira ukitoka, futa pande zote mbili, mdomo wa paipu na ndani ya mpira, kwa dawa ya kusafishia breki au spiriti, ukauke kabisa ndipo urudishe. Wapo wanaovisha mpira kwa kupaka grisi ili uingie kirahisi. Tafadhali msifanye hivyo. Spreyi ya nywele ina kazi nzuri hapa: ikiwa mbichi inateleza, ikikauka inanata. Mafundi wa magari ya mashindano wameitumia miaka mingi.

Mpira wenyewe nao uwe wa kazi hiyo. Kipande cha mpira wa rejeta kimetengenezwa kwa ajili ya maji. Kikipata oili kinavimba na kulegea, na kwa presha ya tabo kinatanuka kama puto. Silikoni yenye tabaka za nyuzi inafaa zaidi. Hata hivyo silikoni ya kawaida hunyonya oili kidogo kidogo, ndiyo maana ipo ya gharama zaidi yenye utando wa ndani wa kuzuia oili. Kama tabo yako inatapika oili, itibu kwanza.

Kuhusu klipu nitasema machache. Ile ya kuzungusha kwa bisibisi, yenye matundu, inamega silikoni kupitia matundu yake, na kadiri unavyokaza ndivyo inavyoitafuna. Klipu ya bolti, mnayoiona kwenye malori, inabana sawasawa pande zote. Lakini ina nafasi ndogo ya kurekebisha, kwa hiyo pima nje ya mpira kabla ya kununua: mpira wa ndani milimita 63 wenye unene wa milimita 5 unataka klipu inayobana kwenye 73. Mtu anayenunua klipu ya 63 kwa sababu paipu ni 63 atarudi dukani.

Halafu injini inacheza. Ukikanyaga mafuta inalala upande, lakini intakula iliyofungwa kwenye bodi haiendi nayo. Mpira ndio unaomeza mtikisiko huo, kwa hiyo midomo miwili itazamane kwenye mstari mmoja na iachiwe upenyo mdogo katikati. Fundi akilazimika kuivuta paipu kwa mkono ili ifike, ajue ameshaandaa siku ya kuchomoka. Paipu ndefu ifungiwe breketi, isining'inie kwenye mipira. Na kama mpira uleule unatoka kila mara, angalia maunti za injini, zile zinazoishikilia kwenye bodi.

Subaru Forester za tabo ni mfano mzuri. Intakula yao imelala juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti, na kila fundi anayetaka kufika nyuma ya injini anaitoa. Inarudishwa haraka, mpira wa kutoka kwenye tabo haukai sawa, klipu ni ileile iliyochoka. Gari hilo linapima hewa mwanzoni kabisa, karibu na kichujio. Hewa ikivuja baada ya hapo, kompyuta inaendelea kumwaga petroli kwa hewa ambayo haipo tena. Mwenye gari anaanza kulalamikia plagi, pampu, sensa. Huku tabo nayo inazunguka kwa kasi zaidi ili kufidia kinachovuja, na umri wake unapungua.

Kabla ya kununua kitu chochote, jaribu kwa upepo. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, ziba mdomo wa kuingilia tabo kwa kifuniko chenye vali ya tairi, mwite fundi pancha na kompresa yake, jaza taratibu pasipo kuzidi presha ya kawaida ya tabo ya gari lako, kisha nyunyizia maji ya sabuni kila kiungo. Taratibu, nasema, kwa sababu sehemu ya upepo huo huingia ndani ya injini na unaweza kusukuma sili zinazozuia oili isivuje. Povu litakuonyesha pa kushika. Fundi anayefanya jaribio hili alipwe kwa muda wake, hata kama hajabadilisha spea yoyote. Tumezoea kulipia kitu kipya kilichofungwa, na ndiyo sababu wengi wao hawajisumbui.

Ukishafunga, chora mstari wa rangi kwenye paipu, pale mpira unapoishia. Endesha mpaka injini ipate joto la kutosha, iache ipoe, kisha kaza klipu tena mara moja, maana silikoni hulegea kidogo baada ya joto la kwanza. Wiki inayofuata tazama ule mstari. Kama mpira umeuacha, kuna oili au paipu haijanyooka. Fungua uanze upya kabla ya kupanda mlima Kitonga.