Kifo cha Koitalel na mwongozo wa kusahihisha

Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, Orkoiyot (kiongozi mkuu wa kiroho) wa Wanandi, aliuawa katika mkutano ulioitishwa kuzungumzia amani. Mwanafunzi wa sekondari hapa magharibi mwa Kenya huinakili sentensi hiyo, kisha akaingia moja kwa moja kwenye matokeo ya upinzani wa Wanandi dhidi ya Waingereza. Ni nani anayesema hivyo, naye alijuaje? Haulizwi.

Walimu wanaofundisha hivyo wana hoja. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, inataka majibu yaliyo katika mwongozo wa kusahihisha, na silabasi ni ndefu. Lipo pia jambo zito zaidi: asiyejua kwamba reli ilifika Kisumu mwaka 1901 ikipita kando ya nchi ya Wanandi, nao wakichukua nyaya za simu na vyuma vyake, atapima ushahidi kwa kutumia nini? Pasipo maarifa, kuhoji kunabaki ubishi tu.

Hata hivyo, tazama utajiri wa tukio hilo moja. Richard Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Waingereza aliyeongoza mauaji hayo, alidai Wanandi ndio waliomvizia. Uchunguzi wa kijeshi ulimwondolea lawama, lakini akahamishwa kutoka Afrika Mashariki. Shajara yake ilichapishwa mwaka 1957, baada ya miaka 52. Alipokwisha kufa, wataalamu wa ndege waligundua kwamba alikuwa ameiba ndege waliokaushwa wa makumbusho na kuwabandika maelezo ya uongo. Wazee wa Nandi, kwa upande wao, husimulia kwamba Koitalel alipigwa risasi akinyoosha mkono kusalimu.

Kumwambia mwanafunzi kwamba "kila upande una ukweli wake" ni kumwacha njiani. Pande zote mbili zinakubali kwamba palikuwa na miadi ya mazungumzo, na hapo ndipo pa kuanzia. Kisha aulize aliyeandika shajara alikuwa na nini cha kuficha, na masimulizi ya wazee yamebadilika vipi vizazi vilipopokezana. Ndiyo, nayo yahojiwe, hata kama ni ya kwetu na yanauma.

Silabasi nzima haifundishiki hivi. Tukio moja kila muhula linawezekana: vipindi viwili, ukurasa wa shajara uliochapwa, na masimulizi ambayo wanafunzi wameyakusanya nyumbani. Kikwazo halisi ni mtihani. Ukiweka dondoo mbili zinazopingana na kumpa alama anayeeleza ipi inaaminika zaidi na kwa nini, walimu watafundisha hivyo bila kusukumwa.