Maji kwanza, boti baadaye

Kwenye mlango wa chekechea mtaani kwetu huku Uingereza pamebandikwa karatasi: mtoto akiungua, maji ya bomba dakika 20. Basi. Hakuna hapo dawa, mashine wala bima. Nikiisoma nafurahi, kisha nashikwa na uchungu, maana hilo Lamu tunaliweza leo hii na hatulifanyi.

Najua mshaanza: huyu ashakuwa Mzungu. Sijawa. Huku watoto huungua vilevile, na chai ya moto ndiyo inayowaunguza wengi. Na kwa kukimbiliana hawatufikii hata kidogo. Mtoto akipiga ukelele Langoni au Mkomani, mitaa ya mji wa Lamu, mama hajamaliza kushuka ngazi uchochoro ushajaa watu. Huku waweza kuishi na jirani usijue jina lake. Lakini wale watu wa uchochoroni kila mmoja huja na lake: huyu dawa ya meno, huyu ute wa yai, huyu samli, huyu unga wa ngano. Hapo ndipo ninapochoka.

Sufuria ya chai ikishamwagika, moto haujaisha. Joto limebaki ndani ya ngozi na linaendelea kushuka chini, na ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu. Ukipaka samli umelifungia joto humo humo. Dawa ya meno hugandana, na muuguzi atalazimika kuikwangua kwenye kidonda kibichi ndipo aone kina chake, mtoto akilia upya. Yai bichi huingiza vijidudu.

Vueni nguo na bangili mara moja, hata hirizi, kabla uvimbe haujaanza; nguo iliyogandana na ngozi iacheni. Kisha maji baridi ya kawaida dakika 20 kamili kwa saa, si kwa kukisia, kwani kilio cha mtoto hufanya dakika 3 zionekane nyingi. Bomba likiwa kavu, mtungi wa lita 20 watosha: mimineni kwa kata, polepole bila kukatiza, kadiri ya lita moja kwa dakika. Barafu hapana, huzidisha jeraha. Sehemu isiyoungua ifunikeni kwa leso kavu, mtoto mdogo hupoa upesi. Mwisho funikeni jeraha kwa nailoni safi ya kufunikia chakula, mkiilaza juu bila kuizungusha ikabana, au kitambaa safi kilichopigwa pasi.

“Maji huleta malengelenge.” Bi mkubwa, kwa heshima zote, malengelenge huletwa na joto. “Sisi tulipakwa yai tukapona.” Jeraha dogo hupona hata lisipopakwa kitu. Lile la ndani ndilo linaloacha kovu likavuta kiwiko, mkono usikunjuke tena.

Mwingine atasema waambie serikali kwanza. Tuiambie, tena kwa sauti: kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, wala mimi simtetei yeyote. Ila boti ya kutoka Faza, kisiwani Pate, huenda ikangoja maji yajae, hata ikiwa mpya na daktari yumo ndani. Maji ya kata hayangoji. Na mkichelewa kuanza msikate tamaa, ndani ya saa 3 bado yanafaa.

Kukimbilia bila kujua la kufanya ndiyo kasoro yetu hata kwenye mengine. Mtoto wa degedege hutiwa kijiko mdomoni. Mlazeni ubavu, msitie kitu, angalieni saa, na zikipita dakika 5 ni hospitali bila mjadala. Aliyekunywa mafuta ya taa hutapishwa. Msimtapishe, yataingia mapafuni.

Maumivu ya moto yatibuni kwa parasitamoli, miligramu 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 12 ni miligramu 180, yaani mililita 7.5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5, isizidi mara 4 kwa siku. Pimeni kwa bomba la sindano, vijiko vya nyumbani havilingani. Akiungua uso, mikono, miguu, viungo vya kukunja kama kiwiko, au sehemu za siri, au jeraha likizidi kiganja chake, ni hospitali. Mkifika, semeni aliungua saa ngapi, kwa kitu gani, na maji yalimiminwa dakika ngapi.